Moto au Baridi? Mgeni Ndani ya Hamamu ya Kichina

Siku niliyoingia hamamu ya Kichina kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevaa nguo tano, moja juu ya nyingine. Nje, pale Shenyang, baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Dakika kumi baadaye sikuwa na hata nguo moja mwilini, isipokuwa bangili ya plastiki yenye namba ya kabati langu.

Wenzangu wawili wa maabara ndio walionileta. Nilikuwa nimebeba bukta, nikadhani nitaivaa. Wakaniambia iache kabatini. Taulo? Baadaye. Mtu uliyelelewa kwenye msuli na kanga, unajikuta unatembea mbele ya watu arobaini huku hujui mikono uiweke wapi. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna aliyenitazama zaidi ya sekunde mbili. Kila mtu alikuwa na shughuli yake: unajimwagia kwanza bombani, unaingia kwenye hodhi, unaloweka. Juu ya kila hodhi kulikuwa na kibao cha taa nyekundu: 38, 40, 43.

Nusu saa ikapita, namba yangu ikaitwa. Kitanda kimetandikwa plastiki, na mzee mmoja kavaa kitambaa kigumu mkononi kama glavu. Akanimwagia beseni zima la maji, kisha akaanza kunisugua kuanzia shingoni hadi nyayo, kama mtu anayeparua samaki. Alipofika mkononi akasimama, akaniinulia mkono nione. Vijinyuzi vya kijivu vimejikunja juu ya ngozi. Nongo. Akasema neno, wenzangu wakaangua kicheko, nikaomba tafsiri. "Anauliza kama huko kwenu kuna maji."

Usiku ule nikaandika kwenye kundi la familia: "Wachina huoga pamoja, uchi kabisa, na wanamlipa mtu awasugue." Kesho yake nikamsimulia mwenzetu mwingine wa maabara, kijana wa Guangdong, kusini kabisa ya nchi. Akanitazama kana kwamba nimetoka mwezini. Yeye mwenyewe Mchina, ana miaka 24, na hajawahi kuingia mahali kama pale. Hata kulifikiria tu kulimtia aibu. Kumbe habari niliyowapa nyumbani kuhusu "Wachina" ilikuwa habari ya mji mmoja wa kaskazini, tena ya usiku mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Marco Polo.

Shahidi mmoja, kauli mbili

Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice, alikaa China kuanzia mnamo 1275 hadi mnamo 1291, enzi za utawala wa Wamongolia chini ya Kublai Khan. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Mwaka 1298, akiwa mfungwa Genoa, alimsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, naye akaandika. Kitabu kikanakiliwa kwa mkono mara nyingi, katika lugha nyingi, na nakala hazifanani. Mwaka 1559 ikachapishwa huko Venice tafsiri ya Giovanni Battista Ramusio, yenye mambo mengi ambayo hayamo katika nakala nyingine.

Sasa angalia kinachotokea tukifika kwenye suala la kuoga. Mji anaousifu Polo kuliko yote ni Hangzhou, yeye anauita Quinsai. Nakala za zamani zinasema mji huo ulikuwa na hamamu 3,000, maji yake ya moto, watu wakizipenda na kwenda mara kadhaa kwa mwezi, na kwamba zilikuwa kubwa kiasi cha watu 100 kuoga kwa pamoja. Ukifungua Ramusio, unakuta habari nyingine: watu wa Hangzhou wamezoea tangu utotoni kuoga maji baridi majira yote, wakiamini ni afya, na hawali chakula kabla ya kunawa. Kisha anaongeza kwamba katika hamamu hizo kulikuwa na vyumba vya maji ya moto kwa ajili ya wageni wasioweza kuvumilia baridi.

Mji ni uleule na shahidi ni yuleyule. Moto au baridi?

Unaweza kusema, jamani, maji ni maji, tuendelee na mengine. Lakini suala lina uzito. Mwaka 1995 mtaalamu wa Uingereza, Frances Wood, alitoa kitabu kikiuliza kama kweli Polo alifika China, maana hakutaja chai wala Ukuta Mkuu. Mwaka 2013 Hans Ulrich Vogel akamjibu kwa kitabu kizima kuhusu chumvi, sarafu na kodi, akionyesha kwamba Polo alijua mambo ambayo ni vigumu kuyajua bila kufika. Wengi leo wanakubali kwamba alifika. Lakini kufika ni jambo moja, na kuelewa ulichokiona ni jambo lingine. Mimi pia nilifika Shenyang.

Wenyeji wanasemaje

Ukitaka kumpima mgeni, uliza wenyeji. Bahati nzuri Wachina waliandika sana, na kuoga hawakukudharau. Lugha yao ya kale ina neno moja la kuosha nywele, *mu*, na lingine la kuosha mwili, *yu*. Enzi za Han, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, maofisa wa serikali walipewa mapumziko kila baada ya siku tano, na jina la mapumziko hayo lilihusu kupumzika na kuosha nywele. Yaani likizo ilikuwa siku ya kuoga! Enzi za Tang ikawa kila siku kumi. Neno *tang* nalo (si jina la enzi, ni neno lingine) leo Wachina wanalitumia kwa maana ya supu, lakini zamani lilikuwa maji ya moto. Wazee wa Shanghai na miji ya jirani bado wanalitumia hivyo wakisifia "tang ya kwanza": maji ya hodhi asubuhi, kabla hajaingia mtu.

Hamamu za kulipia zinaonekana wazi enzi za Song, kati ya mwaka 960 na 1279. Alama yake ilikuwa chungu cha maji kilichotundikwa mlangoni, na watu wa biashara hiyo waliitwa kundi la *xiangshui*, "maji yenye manukato". Mshairi Su Shi, mwishoni mwa karne ya 11, aliandika mashairi kuhusu kuoga hekaluni, na humo anazungumza na mtu anayemsugua mgongo. Kwa hiyo yule mzee wangu wa Shenyang ana watangulizi wa miaka 900 na zaidi.

Si kila mtu alipenda, lakini. Wang Anshi, waziri mkuu wa wakati huohuo, alijulikana kwa kutojali kuoga wala kubadili nguo. Inasimuliwa kwamba rafiki zake wawili walipanga kumpeleka hekaluni kuoga kila baada ya mwezi mmoja au miwili, wakamwekea nguo mpya, naye akatoka akazivaa bila hata kuuliza zimetoka wapi.

Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha Hong Mai, aliyekusanya visa vya ajabu katika karne ya 12. Mtu mmoja anayetafuta uteuzi wa kazi serikalini, huko Kaifeng, anaamka alfajiri mno na kukuta mlango wa wizara bado umefungwa. Anaingia duka la chai kusubiri, na nyuma ya duka hilo kuna hamamu. Ghafla anatupiwa ukanda wa ngozi shingoni na kuburutwa nyuma ya pazia. Majambazi wanataka nguo zake, na wanamkagua kama nyama ya kuuza. Anaokolewa kwa sababu mkubwa wa mji anapita nje na msafara wake, naye anapata mwanya wa kupiga kelele. Wanapofungua mbao za sakafu wanakuta maiti tatu.

Kisa chenyewe unaweza kukiamini au usikiamini. Lakini mwanahistoria anasoma mambo ambayo msimulizi hakuyaona kuwa ya ajabu. Hong Mai hashangai kwamba hamamu imefunguliwa kabla ya jua kuchomoza. Hashangai kwamba mbele kuna chai na nyuma kuna maji. Kwa wasomaji wake hayo yalikuwa mambo ya kila siku, kama kwetu kukuta kinyozi anauza vocha.

Hebu tupige hesabu

Mimi nasomea nishati, kwa hiyo nikashindwa kujizuia. Maji ya moto si maneno, ni kuni.

Chukua hodhi la mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Si kubwa kwa watu 100. Maji yanatoka kisimani yakiwa na nyuzi 15, unataka yafike 42. Kila kilo ya maji inahitaji kilojuli 4.2 hivi kupanda nyuzi moja. Zidisha: 20,000 × 4.2 × 27, unapata takriban megajuli 2,270. Kilo moja ya kuni kavu inatoa megajuli 16 hivi. Tuseme theluthi moja tu ya joto ndiyo inayofika kwenye maji, lingine linapotea na moshi na kuta. Unahitaji kilo 425 za kuni kwa kujaza mara moja tu, bado hujahesabu kuyaweka moto hadi jioni. Kwa makaa ya mawe, yenye megajuli 25 hivi kwa kilo, ni kilo 270.

Sasa zidisha kwa hamamu 3,000 za Polo. Hangzhou ingechoma tani 1,275 hivi za kuni kila siku kwa kuoga peke yake. Mji huo uliletewa kuni kwa mashua kutoka wilaya za juu ya mto, na kila jiko la chakula nalo lilizitaka. Sisemi haiwezekani, nasema namba hiyo ina harufu ya chumvi. Na si mara yake ya kwanza: ndiye huyuhuyu aliyesema mji una madaraja 12,000.

Lakini hesabu hiyohiyo inamtetea mahali pengine. Polo anaeleza kwamba China kuna mawe meusi yanayochimbwa milimani na kuwaka kama kuni, yenye bei rahisi. Na sababu anayoitoa, katika Ramusio, ni kuoga: watu ni wengi mno, kila mtu huoga hamamuni angalau mara tatu kwa wiki, wakati wa baridi kila siku akiweza, na kuni zisingetosha. Msomaji wa Venice angeweza kucheka, eti mawe yanawaka. Leo tunajua hayo mawe ni makaa ya mawe, na mwandishi mmoja wa Song, Zhuang Chuo, aliandika kwamba nyumba zote za Kaifeng zilikuwa zikiyategemea. Mtu anayeunganisha idadi ya watu, kuoga na nishati kwa namna hii ameona kitu kwa macho yake.

Tena, makaa hayo yalikuwa mengi zaidi kaskazini. Hangzhou iko kusini, mahali pa joto na unyevunyevu wakati wa kiangazi, na mbali na migodi mikubwa. Unaona tunakoelekea? Mahali penye kuni ghali na hewa ya joto, hamamu ya maji baridi si wazo la kipuuzi.

Kuba, sufuria na uchafu

Shahidi wa mwisho ni Lang Ying, msomi wa karne ya 16, mwenyeji wa Hangzhou yenyewe. Ametuachia maelezo ya hamamu ambayo fundi angeweza kujengea. Hodhi la mawe makubwa, juu yake kuba la matofali. Nyuma ya ukuta kuna sufuria kubwa mno lililounganishwa na hodhi, na maji yanavutwa kwa kapi. Mtu mmoja kazi yake ni kuchochea moto tu. Maji ya sufuria yanapopata moto yanapanda na kuingia hodhini, ya baridi yanashuka kurudi sufuriani, mpaka hodhi zima linachemka bila pampu yoyote.

Kuba nalo si pambo. Mvuke ukigonga dari tambarare unageuka matone na kukudondokea mgongoni ukiwa na baridi. Dari ikiwa ya mviringo, maji yanateleza ukutani na kushuka taratibu. Nanjing, nje ya lango la kusini, bado limesimama jengo la namna hiyo liitwalo Wengtang, "ukumbi wa mtungi", kwa sababu ya umbo lake. Wenyeji wanasimulia kwamba lilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya vibarua waliojenga ukuta wa mji.

Lang Ying hakuandika ili kusifia, hata hivyo. Alichukizwa. Mlangoni, anasema, wameandika "maji yenye manukato", lakini ndani wanaingia wachinjaji, wachuuzi, wenye vidonda na wenye upele, wote katika maji yaleyale, na hakuna anayezuiwa. Na katika hamamu zote za nchi, za mji wake Hangzhou ndizo anazoziweka chini kabisa.

Hapa ndipo fizikia na afya zinapogombana. Kinachofanya maji ya moto yawe rahisi kwa maskini ni kuchangia hodhi moja. Watu 300 wakitumia lita 20,000 kwa siku, kila mmoja amelipia joto la lita 67 tu, huku akijizamisha mwili mzima. Lakini kuchangia huko ndiko kunakochangisha pia upele, fangasi na kila kitu kilichoachwa na aliyekutangulia. Nafuu na uchafu vilitoka kwenye sufuria moja. Hamamu za leo zimevunja ndoa hiyo kwa vichujio, klorini na sharti la kuoga bombani kwanza, ndiyo maana yule mhudumu wa Shenyang alinifuata mpaka chini ya bomba kuhakikisha.

Na nongo je? Si uchafu wa mtaani kama mzee alivyonitania. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimejaa protini iitwayo keratini, na ngozi hujifanya upya kwa muda wa wiki nne hivi. Maji ya moto yanalilainisha na kulivimbisha, kitambaa kinalikunja pamoja na mafuta ya ngozi. Ukiloweka nusu saa, hata mtu anayeoga mara mbili kwa siku atatoa nongo. Ukizidisha kusugua unaondoa kinga yako mwenyewe, ngozi inakauka na kuwasha. Na usitoke hodhini kwa kasi: mishipa ya damu imetanuka, shinikizo la damu limeshuka, utaona nyota mchana.

Mgeni huona kilichomgusa

Turudi kwenye swali letu. Ushahidi wa wenyeji unaelekea kwenye moto: neno lenyewe, sufuria la Lang Ying, mji wake ukiwa Hangzhou hiyohiyo. Kwa hiyo kauli kwamba watu wa Hangzhou waliogea baridi majira yote naiona kama kauli yangu ya "Wachina huoga uchi". Huenda palikuwa na hamamu za baridi katika mitaa fulani, na mgeni, au aliyenakili maneno yake, akaupa mji mzima desturi hiyo. Ila ile habari ya vyumba vya moto kwa ajili ya wageni naiamini zaidi, kwa sababu ni habari ndogo isiyomsifu mtu. Nani angehangaika kuitunga? Nadhani hapo tunamsikia mtu aliyeingiza mguu kwenye maji, akautoa haraka, akaelekezwa mlango wa pili.

Polo si peke yake. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, anasimulia pia safari yake ya China katika miaka ya 1340. Naye aliona watu wakichoma madonge kama ya udongo, na majivu yake wakiyakanda kwa maji, kuyakausha na kuyachoma tena. Ni makaa ya mawe yaleyale, ila yeye akachanganya udongo huo na ule wa kutengenezea vyombo vya kaure. Na kuhusu hamamu, miaka michache kabla ya Kilwa aliingia moja huko Minya, Misri, akakuta watu hawajajifunga chochote. Akaenda kumshtakia gavana, na amri ya kuvaa nguo ikatolewa. Nilipoisoma habari hiyo nikakumbuka bukta yangu kabatini.

Baada ya 1949, Wachina wengi wa mijini waliogea hamamu za viwanda na ofisi kwa tiketi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na maji ya moto. Vilipoingia vifaa vya kuchemshia maji majumbani, hamamu nyingi za mitaani zikafungwa. Filamu *Xizao* ya Zhang Yang, ya 1999, inasimulia baba na wanawe wawili katika hamamu ya Beijing inayosubiri kubomolewa. Nyingine zikageuka majumba makubwa kama ile niliyoingia: ukishasuguliwa unapewa pajama, unakula matunda, unalala hadi asubuhi. Wazee waliozoea kukutana hodhini kila alasiri kwa bei ya kikombe cha chai hawapati nafasi humo kirahisi.

Wiki iliyofuata nikarekebisha ujumbe wangu kwenye kundi la familia. Nikaandika kwamba si Wachina wote, ni kaskazini hasa, na kwamba desturi zinatofautiana, na nikaweka maelezo marefu kuhusu enzi za Song. Kimya. Baada ya saa mbili mama akajibu mstari mmoja: "Sawa mwanangu. Lakini nongo zilitoka?"